Je, wajua? Kwa nini mbunge wa Uingereza huuliza swali lilelile mara kumi

Kumbukumbu za mbunge wa bunge la chini la Uingereza zikionyesha maswali mia tano, wengi humwona kama mtu asiyekaa kitini, kila saa yuko wima akimbana waziri. Sivyo. Sehemu kubwa ya maswali ya aina hiyo haitamkwi kamwe. Ni maswali ya maandishi: makarani huyakagua, kila swali hupewa namba, na jibu la waziri nalo huja kwa maandishi. Hotuba zimo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge. Maswali haya, tangu 2014, yana hifadhi yake. Anayejumlisha vyote anahesabu ng'ombe na kuku kama mifugo sawasawa.

Na hata ukibaki na maswali ya maandishi peke yake, idadi hudanganya. Waziri anaweza kukataa kujibu endapo kuitafuta taarifa kutagharimu kupita kiasi. Kiwango kilichozoeleka ni pauni 850. Mwulize mwenye duka ameuza kilo ngapi za sukari tangu alipofungua biashara: atakuambia hana muda wa kupekua madaftari yote. Mwulize za mwezi Machi tu, atafungua daftari moja, akujibu. Kisha unamwuliza za Aprili kama swali jipya.

Mbunge mzoefu hufanya hivyohivyo. Hukata swali: mwaka mmoja, wizara moja, jambo moja. Vipande kumi, kumbukumbu humwandikia maswali kumi, ingawa udadisi ni mmoja. Ujanja huu hauna uhakika, kwa kuwa waziri anaweza kuviunganisha vipande na kuvijibu kwa mkupuo, na pauni 850 ni mwongozo tu. Tena haufui dafu pale wizara inaposema takwimu hizo hazikusanywi makao makuu. Kwa hiyo swali la kwanza la busara huwa dogo kabisa: je, wizara inatunza takwimu hizi?

Yako pia maswali ya siku maalumu, ambapo mbunge hutaja tarehe ya kujibiwa. Mwisho ni matano kwa siku. Tarehe hiyo haimhakikishii jibu kamili, maana waziri anaweza kujibu kwamba haikuwezekana kukamilisha jibu kwa wakati, na kwa utaratibu hilo linahesabika kuwa jibu. Ukikuta swali moja lina majibu mawili, la kwanza huenda ni hilo.