Ikwalaiza haiongezi wati

"Nifungie ikwalaiza, spika zangu hazina nguvu." Wateja wa muziki wa gari hawachoki kulitoa ombi hili, na jibu ni lile lile: ikwalaiza haina wati za kukupa. Kazi yake ni kupandisha au kushusha sehemu fulani ya sauti inayotoka kwenye redio. Nguvu ni ya amplifaya.

Hesabu iko wazi. Ukipandisha 60 Hz (masafa ya chini, yaani besi) kwa desibeli 3, amplifaya inadaiwa nguvu mara mbili kwenye besi hiyo. Desibeli 6 ni mara nne, desibeli 12 karibu mara 16. Amplifaya iliyokuwa inatumia wati 10 kwenye besi sasa inatakiwa itoe 160. Kama uwezo wake ni 50, itakata vilele vya mawimbi: sauti inakwaruza, koili za spika zinapata moto, na mara nyingi twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, ndiyo inayotangulia kuungua. Kisha spika ndiyo inayolaumiwa!

Spika ya inchi 4 ya mlangoni nayo haitakupa 40 Hz ya maana hata kitelezi cha ikwalaiza kifike juu kabisa. Koni itacheza tu mpaka iharibike. Mwachie sabufa kazi hiyo, na spika za milango uzikatie besi kwa krosova (kichujio kinachogawa masafa kati ya spika) karibu na 80 Hz.

Kwa hiyo tumia ikwalaiza kupunguza. Weka vitelezi vyote katikati, voliumu ya redio robo tatu, pandisha geini ya amplifaya (kiwango chake cha kukuza sauti ya redio) mpaka sauti ianze kuchafuka, urudi nyuma kidogo. Sasa sikiliza. Sauti nzito isiyoeleweka? Shusha kati ya 125 na 250 Hz kwa desibeli 2 au 3. Inachoma masikio? Shusha kati ya 2 na 4 kHz (Hz 2,000 na 4,000), maana kioo cha mbele huakisi sauti hizo. Besi ikibaki nyembamba, kabla ya kupandisha chochote kagua kama waya chanya na hasi za spika moja hazikugeuzwa.

"Bendi nyingi ndiyo ubora." Bendi ni kipande cha masafa chenye kitelezi chake. Bendi 31 zinamfaa mwenye maikrofoni ya kupimia. Kwa kutegemea masikio, 5 au 7 zinatosha. Ile inayokuruhusu kuchagua masafa na upana wa kila bendi ni bora zaidi, hata ikiwa na tatu tu.

"Ikwalaiza mbili zitasaidiana." Hapana. Iache moja, ile iliyomo ndani ya redio iweke sifuri.

"Mlio unaopanda na mzunguko wa injini ni ubovu wa ikwalaiza." Kwa kawaida ni ethi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari. Waya mweusi wa ikwalaiza uufunge sehemu moja na wa redio, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, na nyaya za RCA (zinazopeleka sauti kutoka redio hadi ikwalaiza na amplifaya) zipite upande mwingine, mbali na waya mkubwa wa betri.

Kabla ya kununua, angalia nyuma ya redio. Kama haina matundu ya RCA, tafuta ikwalaiza inayopokea nyaya za spika moja kwa moja. Kama una sabufa, hakikisha ikwalaiza ina njia yake pekee ya kutolea sauti, yenye kitufe chake cha kuipandisha na kuishusha.