Ubuntu au Mint mpya: draiva zisubiri kwanza

Mtu akishasakinisha Ubuntu au Linux Mint, mikono humwasha kutafuta draiva (programu zinazoiwezesha kompyuta kutumia kifaa) za kadi ya picha. Subiri. Fungua terminali, uandike hivi:

sudo apt update && sudo apt full-upgrade

Amri hiyo husasisha orodha ya vifurushi (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa), kisha programu zenyewe. Orodha uliyo nayo inaweza kuwa ya siku faili la usakinishaji (ISO) lilipotengenezwa. Kwenye seva, matoleo ya zamani huondolewa mapya yakiingia, hivyo ukiomba kifurushi kwa orodha kuukuu utajibiwa "404 Not Found", nawe utailaumu bure intaneti. Ukiandika nenosiri huenda usione hata nukta moja kwenye skrini. Kibodi haijafa, andika tu, kisha bonyeza Enter.

Kuna ujumbe mwingine unaowatisha wageni: "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend". Maana yake programu nyingine ya masasisho iko kazini, mara nyingi ile inayojiendesha yenyewe chinichini. Utakutana na ushauri wa kulifuta faili hilo, mimi naupinga. Apt (programu inayosakinisha vifurushi) mbili zikiandika kwa pamoja, kumbukumbu za vifurushi zinaweza kuvurugika. Ngoja dakika chache, ujaribu tena. Kama umeme ulikatika katikati ya kazi, tumia sudo dpkg --configure -a.

Washa kompyuta upya ili kerneli (kiini cha Linux) mpya ishike kazi, kisha piga picha ya mfumo, yaani nakala ya kuurejesha ukiharibika, kwa programu ya Timeshift. Kwenye Mint imo tayari. Kwenye Ubuntu ni sudo apt install timeshift. Kwa kawaida haigusi folda yako ya nyumbani, kwa hiyo usiitegemee kutunza nyaraka na picha zako.

Sasa draiva. Kadi za Intel na AMD kwa kawaida hazidai kitu, kwa kuwa draiva zake zimo ndani ya kerneli. NVIDIA ndiyo yenye kazi. Kwenye Mint fungua Driver Manager. Kwenye Ubuntu andika ubuntu-drivers list uone zilizopo, kisha sudo ubuntu-drivers install. Ikiwa Secure Boot (ulinzi unaokagua saini za programu kompyuta inapowaka) imewashwa, unaweza kuombwa utunge nenosiri la muda. Tunga la herufi ndogo na tarakimu tu, kwa sababu skrini utakayolirudia hufuata mpangilio wa kibodi ya Kimarekani, na alama zinaweza kuhama. Kompyuta ikiwaka upya, skrini ya buluu hutokea kwa sekunde chache: bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wako), Continue, Yes, uandike nenosiri lile. Ikikupita, kerneli itaikataa draiva, nawe utabaki na picha kubwakubwa ukidhani draiva ni mbovu. Rudia kwa:

sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der

halafu uwashe upya. Amri nvidia-smi ikitaja jina la kadi yako, draiva imekubali.

Wi-Fi haionekani kabisa? Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB, ndipo usakinishe draiva. Chipu za Broadcom ndizo zinazosumbua sana hapa.

Wenye Windows pembeni wazime Fast Startup huko Windows. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kikamilifu, na Linux inaweza kuifungua diski ya NTFS (muundo wa diski wa Windows) kwa kusoma tu, au kukataa kabisa. Saa zikipishana kati ya mifumo hiyo miwili, timedatectl set-local-rtc 1 huzipatanisha.