Kukaza kwa Msuli Maana Yake Nini?

Shika ndoo ya maji, kunja kiwiko mpaka ifike usawa wa kitovu, kisha ishushe polepole. Huku ukishusha, weka kiganja cha mkono wa pili juu ya msuli wa mbele, ule unaotuna kati ya bega na kiwiko. Utaukuta mgumu kama ulivyokuwa wakati wa kupandisha, ingawa sasa unarefuka. Wengi hudhani kushusha ni kazi ya msuli wa nyuma ya mkono. Sivyo. Ndoo inashuka kwa uzito wake. Kazi iliyopo ni kuizuia isianguke, na anayezuia ni yule yule wa mbele.

Ndiyo maana neno "kusinyaa", linalotumika sana kueleza kazi ya misuli, linapotosha. Kitu kikisinyaa kimepungua. Msuli unapokaza unavuta, basi. Kama utafupika, utabaki ulivyo au utarefuka, hilo huamuliwa na mzigo.

Ndani ya kila seli ya msuli kuna nyuzi nyembamba za protini ya aktini na nene za miosini, zimepangwa zikipishana. Amri ya neva ikifika, kalsiamu humwagika ndani ya seli, na vichwa vidogo vya miosini hunasa aktini, huvuta, huachia, hunasa tena, vikitumia nishati ya ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli. Nyuzi zenyewe hazifupiki, huteleza tu moja kando ya nyingine. Maelezo haya yalichapishwa mwaka 1954 na makundi mawili tofauti: Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, kisha Hugh Huxley na Jean Hanson. (Huxley hao wawili hawakuwa ndugu.)

Nguvu ya msuli ikiuzidi mzigo, msuli hufupika. Zikilingana, urefu haubadiliki, kama unapousukuma ukuta. Mzigo ukizidi, ni kama timu ya kuvuta kamba inayoburuzwa lakini haijaachia: wanavuta kwa nguvu zote, na bado wanasogea mbele.

Hali hii ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi. Msuli unaorefushwa huku umekaza huhimili mzigo mkubwa kuliko ule unaoweza kuunyanyua, na hutumia oksijeni kidogo. Kushuka ngazi hakukutoi jasho kama kupanda. Lakini teremka mlima mrefu ambao hujauzoea, na kesho yake mapaja yatakukumbusha kila ukitaka kuketi. Maumivu hayo huja taratibu na huwa makali kati ya saa 24 na 72. Usiilaumu asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na msuli wakati wa kazi nzito, kwani hiyo huondoka muda mfupi baada ya mazoezi. Kinachodhaniwa kuyaleta ni nyuzi zilizopata michubuko midogo midogo, na eneo lililovimba kidogo likijitengeneza. Ukirudia zoezi lile lile wiki moja au mbili baadaye, maumivu huwa madogo sana.

Kwa hiyo anayeacha chuma kidondoke baada ya kukinyanyua ameitupa nusu ya zoezi. Na asiyeweza kujivuta juu ya bomba hata mara moja ana pa kuanzia: apande juu ya kiti, kidevu kivuke bomba, ainue miguu, kisha ajishushe polepole kadiri awezavyo. Siku ya kwanza mara 3 au 4 zinatosha.