Je, kila kiungo unachobandika jukwaani huipandisha blogu yako kwenye Google?

Kwa muda mrefu niliamini kuwa huipandisha. Nilikuwa nikimaliza kuandika makala, napita jukwaa baada ya jukwaa, nachangia sentensi mbili tatu, kisha naacha kiungo chini yake. Nilijua Google inahesabu viungo, kwa hiyo kwangu viungo 200 vilikuwa kura 200. Wanablogu wengi bado wanashauriana hivyo, na ushauri wenyewe unaonekana una akili kiasi kwamba mtu hapati sababu ya kuushuku. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya viungo hivyo haikukusudiwa kuwa kura hata kidogo, na hali imekuwa hiyo tangu Januari 2005.

Habari ya kura haikutoka hewani. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa bado wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza hesabu waliyoiita PageRank. Ukurasa hupata uzito kutokana na kurasa zinazouelekea, na uzito huo huwa mkubwa zaidi kama kurasa hizo nazo zinaelekewa na nyingine nyingi.

Mfikirie msafiri asiye na ramani wala haraka. Kila kijiji anachofika anachagua njia moja kati ya zinazotoka hapo, bila kupendelea, anaifuata mpaka kijiji kingine, na huko anachagua tena. Mara kwa mara huachana na njia zote na kuibukia kijiji chochote kile. Kwa kiwango ambacho Page na Brin walisema hukitumia kwa kawaida, yaani 0.85, katika hatua 100 msafiri hufuata njia kama mara 85 na kuruka kama mara 15. Mwache atembee hivyo muda mrefu sana, kisha uhesabu amepita kila kijiji mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo PageRank. Vijiji ni kurasa, njia ni viungo.

Ukishamwona msafiri huyo, unaona pia kwa nini idadi ya viungo haitoshi. Njia inayotoka kijiji anachokipitia kila mara ina faida kubwa kuliko njia 50 zinazotoka vichakani. Tena kijiji chenye njia 300 kinamgawa msafiri mara 300. Ukurasa wa majadiliano uliojaa viungo vya kila mtu unakupa kipande kidogo sana, hata kama hakuna aliyekuzuia.

Lakini ulizuiwa. Watu waliielewa hesabu hii mapema, na wakatunga programu za kumwaga viungo vya dawa na kamari kwenye sehemu za maoni za blogu za watu. Mnamo Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zikatangaza kwamba zitaitambua alama moja fupi, nofollow, inayoandikwa ndani ya kiungo kwenye msimbo wa ukurasa. Msomaji haioni. Kiungo kinabofyeka na kinampeleka mtu kulekule. Ila kwa msafiri wetu njia hiyo imewekewa kibao: wengine wapite, wewe usipite. Jambo hili linanivutia mno kila ninapolifikiria, kwamba njia ileile moja inaweza kuwa wazi kabisa kwa binadamu na kufungwa kwa yule anayehesabu.

Alama hiyo ilienea haraka. Januari 2007 Wikipedia ya Kiingereza iliiweka kwenye viungo vyote vinavyotoka nje, na majukwaa mengi makubwa huiweka yenyewe kwenye viungo vya wanachama. Huna haja ya kubahatisha: fungua msimbo wa ukurasa kwenye kompyuta, tafuta anwani ya blogu yako, uone kama neno nofollow au ugc liko karibu nayo.

Hilo ugc lilikuja Septemba 2019, kuonyesha kwamba kiungo kimewekwa na mtumiaji wa tovuti na si mwenye tovuti. Wakati huohuo Google ilitangaza kwamba alama hizi zote itazichukua kama dokezo, si amri. Kwa hiyo siwezi kusema kiungo cha jukwaani kina thamani ya sifuri kila mara. Ninachosema ni kwamba mwenye tovuti ameieleza Google kuwa hakidhamini, na hapo si mahali pa kujengea mpango wako.

Sasa, kama kura haipo, kwa nini blogu nyingi zimepata wasomaji wake wa kwanza majukwaani? Kwa sababu kibao hakimhusu binadamu. Anayebofya anakuja kweli, na mara nyingine wanakuja wengi kwa mkupuo. Tovuti ya Slashdot, iliyoanzishwa mwaka 1997, ilikuwa ikipeleka wasomaji wengi kiasi cha kuzimisha seva ndogo, mpaka tukio hilo likapewa jina lake.

Mkupuo huo hupita upesi, na Reddit, jukwaa kubwa la majadiliano, iliwahi kuonyesha hadharani jinsi unavyopita. Katika msimbo walioutoa kwa umma, pointi zilizopanga nafasi ya chapisho zilitokana na logi (logarithm) ya kura pamoja na muda wa kuchapishwa. Kura 10 za kwanza zilikuwa na nguvu sawa na 90 zinazofuata, na hizo sawa na 900 za baada yake. Kila hatua ya namna hiyo ililingana na sekunde 45,000, yaani saa 12 na nusu. Chapisho la kura 100 lilikuwa sawa na la kura 10 lililokuja saa 12 na nusu baadaye. Kanuni inaweza kuwa imebadilishwa tangu hapo, lakini mwelekeo wake unafundisha: saa za mwanzo zina uzito mkubwa, na hakuna chapisho linaloachwa juu milele.

Ndiyo maana kubandika na kuondoka hakusaidii. Chapisho la mgeni asiyejulikana halipati kura hizo chache za mwanzo, na wasimamizi wengi huliondoa kabla halijasomwa. Kwa uzoefu wangu, kinacholeta watu ni kujibu swali lote palepale, kikamilifu, kiasi kwamba asiyebofya naye anaondoka ameridhika. Kiungo kinabaki kwa anayetaka undani: jedwali refu, picha za hatua zote, hesabu nzima. Nilipoanza kufanya hivyo viungo vyangu vilipungua sana, na wasomaji wakaongezeka.

Na hapa Google inarudi kwa mlango mwingine. Kati ya wasomaji waliokuja kwa njia ya jukwaa, mmoja ana tovuti yake. Wiki kadhaa baadaye anaandika jambo linalokaribiana na lako, anakumbuka makala yako, anaiwekea kiungo ndani ya maandishi yake mwenyewe, bila alama yoyote. Hiyo ni njia ambayo msafiri anaruhusiwa kuipita. Jukwaa halikukupa kura, lilikukutanisha na mwenye uwezo wa kuipiga.

Usitegemee kuliona hilo waziwazi kwenye takwimu za blogu. Mtu anayenakili anwani yako jukwaani na kumtumia rafiki kwenye WhatsApp mara nyingi huhesabiwa kuwa amekuja moja kwa moja, kana kwamba aliiandika anwani kwa mkono. Ukiona kundi la wageni wa namna hiyo wametua kwenye makala ileile yenye anwani ndefu ambayo hakuna anayeweza kuikariri, karibu hakika kuna mtu aliyeipitisha.