Hewa ya moto hainolewi kwenye kompyuta

Nimechoka kuulizwa ni programu gani inanoa vizuri, yaani inaongeza ukali wa, picha za ndege wa pwani. Swali huja na picha ile ile: sululu yuko mbali kwenye matope ya hori la Mida, Watamu, saa sita mchana, lenzi ya milimita 600, kasi ya shata 1/2500 ya sekunde, na ndege hana ukingo hata mmoja uliokaa sawa. Mwenye picha anaamini anahitaji lenzi ndefu zaidi, na kwamba kwa sasa kompyuta itamalizia kazi. Hakuna kati ya hayo lililo kweli.

Mharibifu ni hewa. Matope yakipigwa jua yanapasha hewa iliyo juu yake, hewa hiyo inapanda na kuchanganyika na ile ya baridi zaidi, na mwanga unapindapinda njiani kabla haujafika kwenye lenzi. Ndege akiwa mita 80 mbele yako, una mita 80 za hewa inayochezacheza. Lenzi ndefu inamkuza ndege na inaikuza hiyo hewa pia. Shata ya kasi inagandisha mpindo jinsi ulivyo.

Kabla hujagusa kitelezi chochote cha programu ya kuhariri, fungua picha kwa asilimia 100, mwache ndege, tazama matope. Ukiona ukanda mkali mbele au nyuma ya ndege, fokasi ilikosa. Ukiona kila kitone kimevutika upande mmoja, mkono ulitikisika. Usipoona hata moja, pitia mfululizo wote uliopiga. Fremu ya kwanza mdomo wa sululu una kijipindo katikati, ya pili una kingo mbili, ya tatu umenenepa, na mandhari ya nyuma ambayo ingekuwa laini imejaa vikunyanzi. Hiyo ni hewa. Mara nyingine ndani ya mfululizo huo imo fremu moja ambayo hewa ilitulia. Itafute, nyingine futa.

Fokasi iliyokosa kidogo inanoleka kiasi. Hewa haina dawa, kwa sababu kila sehemu ya picha imepindwa kwa namna yake. Kitelezi cha kuondoa ukungu kinaongeza tu tofauti ya weusi na weupe. Na programu za akili bandia, hizi ndizo zinazonikera kweli, huchora manyoya ambayo kamera haikuyaona. Mtu atasema picha imependeza, ubaya uko wapi? Ubaya ni huu: pwani yetu ina viparachanga wawili wanaofanana sana, Anarhynchus leschenaultii (zamani Charadrius) na mwenzake mdogo, na jambo kubwa la kuwatofautisha ni urefu na unene wa mdomo. Programu ikiamua yenyewe mdomo unaishia wapi, imeamua pia ni ndege gani. Kisha picha hiyo inatumwa kama ushahidi kwamba ndege fulani alionekana mahali fulani!

Kinachosaidia ni jedwali la maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huku kwetu maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na ndege wanayafuata mpaka mbali. Kwa hiyo fika kunapopambazuka, tope la kwanza linapofunuka karibu na mikoko. Mimi napenda maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, kuliko bamvua: asubuhi maji yanajaa polepole mpaka kama saa nne, tope linalobaki ni jembamba, na ndege wanasukumwa kukufuata wewe uliyelala chini. Usiwafuate. Hasa Machi na Aprili, wanapojaza mafuta ya safari ndefu ya kaskazini, kila mruko wa hofu unakula akiba hiyo.

Ukishakuwa karibu, jifunze mwendo wa anayekula. Yule mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi, Dromas ardeola, hukimbia hatua chache, husimama ghafla, huinamisha kiwiliwili mbele, kisha huchoma. Anza kupiga pale anapoinama. Ukingoja kaa aonekane mdomoni umechelewa. Tazama pia kama nyuma yake yuko kinda wa kijivu anayelialia. Ndege hawa huendelea kuwalisha watoto wao hata baada ya kuhama kutoka Omani na Ghuba wanakozalia, na kaa atapita mdomo hadi mdomo mbele yako.

Weupe wake unaungua upesi. Kamera inapima tope jeusi na kuongeza mwanga, kwa hiyo punguza theluthi mbili ya stopu (kipimo cha mwanga) au stopu nzima, uangalie histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha. Tope lenye maji linalong'aa kwa jua la chini hudai kinyume chake.

Kuediti ni kazi fupi: piga RAW (faili ghafi la kamera), rudisha weupe ulioungua, ondoa chembechembe za usikivu mkubwa wa kamera, ndipo unoe, tena ndege peke yake, mandhari uyaache. Mara ya mwisho noa kidogo baada ya kupunguza ukubwa. Penye chembechembe bado nasita. Kwenye ISO 3200 (kipimo cha usikivu huo), kiwango kinachosafisha tope ndicho kinachofuta michirizi ya kahawia kifuani mwa sululu, hata ukitenganisha sehemu hizo mbili. Siku hizi naziacha chembechembe zaidi kuliko wenzangu wanavyopenda, na ubishi huo haujaisha.