Mbio za Tisa hazikutosha

Namwita Tisa kwa sababu ya jezi yake. Jina halisi nitaliacha, bado ni mwanafunzi. Alikuja kwenye uwanja wetu hapa Moshi akiwa darasa la sita, miezi michache baada ya Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana wa Tanzania, kufika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India, Oktoba 2022. Siku zile nilipokea mabinti kila wiki, na kila mmoja alitaka kuwa straika. Tisa angalau alikuwa na sababu: hakuna beki aliyemfikia kwa mbio.

Nikafanya kosa tunalolifanya makocha wengi wa watoto. Kipa akipata mpira, mbele. Kiungo akipata mpira, mbele. Tisa kimbia, goli. Tulishinda hivyo msimu mzima, nami nikajiona fundi.

Alipoingia kidato cha kwanza mambo yakageuka. Wenzake nao walikuwa wamerefuka. Kwenye mechi moja ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, tulikutana na mabeki wanne waliosimama mstari mmoja na kusogea juu kwa pamoja, na kila Tisa akichomoka, kibendera juu. Nilihesabu mara saba kipindi cha kwanza peke yake. Mapumziko alikaa chini ya mwarobaini, maji hakugusa.

"Kocha, yule mshika kibendera ananionea."

Hakuwa anaonewa. Kesho yake nilimwonyesha video niliyorekodi kwa simu, nikaisimamisha pale mguu wa kiungo wetu unapougusa mpira. Hapo ndipo kuotea, yaani straika kuwa mbele ya beki wa mwisho pasi inapopigwa, kunapopimwa. Mpira ukishamfikia straika, hesabu imeshapigwa zamani. Na kinachopimwa ni kichwa, kiwiliwili na miguu, mikono haimo. Kwenye picha ile goti na bega la Tisa vilikuwa vimeshampita beki wa mwisho kwa hatua nzima. Nikamwambia atazame uso wake mwenyewe. Macho yote kwenye mpira. Beki yuko wapi, hajui.

Beki mzuri anataka kuona vitu viwili, mpira na wewe. Ukisimama mbele yake umempa vyote bure. Jifiche nyuma ya bega lake la mbali, upande ambao mpira haupo, na sasa lazima achague. Akigeuza shingo kukutafuta, mpira umemtoka machoni, na kiungo mwenye akili anapiga pasi wakati huohuo.

Jambo la pili ni njia ya kukimbilia. Tisa alikuwa anakwenda moja kwa moja golini, kwa hiyo ilimbidi ama aanze mapema anaswe, ama asubiri akiwa amesimama, na straika aliyesimama hana mbio zozote. Dawa ni kukata upinde: anza sambamba na mstari wa mabeki, kama abiria anayenyemelea mlango wa daladala kabla haijasimama, halafu pinda kuelekea golini kiungo anapoushusha mguu. Unakuwa tayari kwenye mwendo, hujaotea, na mwili umeshageukia goli, hivyo mguso wa kwanza unakwenda mbele badala ya kurudi nyuma.

Kuandika hivi ni rahisi. Kufundisha kulituchukua miezi. Tunachora mstari kwa majivu, maana chokaa ni hela. Binti mmoja anasimama nyuma ya Tisa na kunyoosha vidole, na kabla pasi haijaja Tisa lazima atupe jicho begani na kutaja idadi. Akikosea, tunarudia. Wiki ya kwanza alikuwa anabahatisha: "Vitatu!" Mwenzake ameficha mkono mfukoni, anacheka.

Mabinti hunionyesha magoli ya Aisha Masaka, aliyetoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden na mwaka 2024 akatua Brighton, Uingereza. Wanarudisha video pale mpira unapoingia wavuni. Mimi nawaomba warudishe sekunde tano zaidi, kiungo akiwa ndiyo kwanza anainua kichwa, waniambie straika anafanya nini. Huwa hawapendi swali hilo. Mara nyingi jibu ni kwamba anatembea.

Mama yake Tisa, anayeuza dagaa Mbuyuni, hanisumbui na habari za Ulaya. Aliniuliza, "Mwalimu, hayo magoti hayatamharibikia?" Ni swali la maana kuliko mengi ninayoulizwa na viongozi. Wasichana wanachanika ligamenti iliyo katikati ya goti, ile ACL, zaidi kuliko wavulana, na mara nyingi bila hata kuguswa: anatua kwa mguu mmoja au anageuka ghafla, goti linaingia ndani. Kwa hiyo kila zoezi tunaanza na FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili ya kuzuia majeraha, dakika 20 hivi, haihitaji kifaa zaidi ya mpira. Kwenye kuruka na kutua mimi natazama magoti tu. Tisa anayachukia mazoezi hayo kuliko adhabu.

Mguu wa kushoto bado ni wa kupandia ngazi. Ila Jumamosi iliyopita alifunga moja, na kibendera kilipanda mara mbili tu mechi nzima. Ya pili mshika kibendera alikosea. Safari hii video ninayo, na Tisa ameshaitazama mara kumi.