Acheni kuwaambia watu wasiende Angkor msimu wa mvua

Naandika hii kuhusu Angkor, yale mahekalu ya kale ya Wakhmer karibu na mji wa Siem Reap, Kambodia, ili nikiulizwa tena nitume linki tu. Kila mara kuna mtu wa Dar au Mombasa au Muscat ananiandikia, "tunataka kwenda Siem Reap lakini tumeambiwa Mei mpaka Oktoba tusithubutu, ni mvua tu, bora tusubiri Januari." Jana nimeipata tena, tena kutoka kwa mtu anayefanya kazi ya kuwapangia wengine safari, ndo nikaona basi, hapa inabidi niseme.

Waliokwambia hivyo wengi wao walienda Januari. Wakaamka saa kumi usiku, wakapiga picha ya jua likichomoza nyuma ya Angkor Wat, wakala vumbi jekundu siku mbili kwenye tuktuk, wakarudi wanasema wameiona Angkor. Wameona mawe yake. Mimi kazi yangu ni maji, haidrolojia, nimefanya kazi huku Kambodia muda wa kutosha, na nakwambia kabisa kwamba lile jiji la Wakhmer lilijengwa kwa maji kwanza halafu mawe baadaye, na ukienda wakati maji hayapo umeenda kuangalia mashine iliyozimwa.

Habari ya mvua yenyewe niimalize haraka. Siem Reap inapata kama milimita 1,400 hivi kwa mwaka, haina tofauti ya kutisha na Unguja, na watu wanakwenda Unguja wanarudi wazima. Mara nyingi mvua inashuka mchana kuelekea jioni, inapiga saa moja au mbili, inakata. Asubuhi kunakuwa safi, hewa imeoshwa, mawe yamekolea rangi. Septemba na Oktoba ndo nzito zaidi na hapo uwe na siku za akiba. Vaa viatu vyenye meno maana ngazi zinateleza, simu weka kwenye mfuko wa plastiki. Kwa upande wa mvua ni hayo tu.

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi.

Watu wanaliangalia lile handaki la maji linaloizunguka Angkor Wat wanadhani ni pambo, au ni la kuzuia maadui. Lina upana wa mita 190 na mzunguko wake unazidi kilomita 5. Aliyejenga ni mfalme Suryavarman II, nusu ya kwanza ya karne ya 12, na hekalu lenyewe alimjengea Vishnu, mungu wa Kihindu. Mnara wa kati unapanda mita 65 hivi, yote ni jiwe la mchanga lililoletwa kutoka machimbo ya upande wa mlima Kulen. Haya, uzito wote huo umekaa juu ya nini? Sio mwamba. Huko chini ni mchanga na udongo, mwamba uko mbali sana, na chini ya jukwaa la hekalu kuna mchanga ulioshindiliwa, na juu yake kuzunguka pembeni wakaweka jiwe jekundu la laterite halafu ndo jiwe la mchanga la kuchongwa. Hekalu la Bayon pia ni hivyohivyo, ule mnara wa kati wenye zile sura kubwa zinazotabasamu umesimama juu ya kifusi cha mchanga.

Mtu wa pwani hili analijua kwa miguu yake. Maji yakikupwa ukatembea pale mchanga ulipo mbichi, unakubeba vizuri, kisigino hakizami. Panda juu kidogo kwenye mchanga mkavu, kila hatua unazama. Chembe za mchanga zikiwa na unyevu zinashikana. Kwa hiyo handaki linapojaa, maji yanapenya taratibu chini, yanakutana na maji ya chini ya ardhi, na ule mchanga unabaki na unyevu wake usiobadilikabadilika sana. Kinachoua jengo la namna hii ni kupanda na kushuka kwa maji, leo mbichi kesho mkavu, mwaka hadi mwaka, na lile jiwe la mchanga lenyewe lina udongo wa mfinyanzi ndani yake unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, ndo maana unaona michoro inabanduka magamba magamba.

Halafu ukaja utalii. Mwaka 2018 ziliuzwa tiketi karibu milioni 2.6 kwa wageni, na wageni hao wote wanaoga, wanafuliwa mashuka, wanaogelea kwenye mabwawa ya hoteli, na hoteli nyingi zilichimba visima vyao zikafunga pampu. Kipindi ambacho wageni wanajazana zaidi ni kipi? Desemba mpaka Februari, yaani hakuna mvua inayorudisha maji ardhini na pampu zote zinavuta kwa pamoja. Kwa hiyo ule ushauri wa "nenda Januari" unawasukuma watu wote waende kunywa maji ya chini ya mahekalu katika miezi ambayo mahekalu yanayahitaji zaidi. Hilo ndo linanifanya nikose uvumilivu, manake anayeshauri anadhani anamsaidia msafiri na jengo halimhusu.

Ila niseme na upande wa pili, ambao huwa unapitwa juu juu. Ni vigumu sana kunyooshea kidole hekalu moja ukasema hili limeinama kwa sababu ya kisima kile. Majengo haya yana miaka mia nane na zaidi, yamepitia vita, yamepitia mizizi ya miti, yamepitia popo ambao vinyesi vyao vinaacha chumvi inayokula jiwe, na yamepitia hata wakarabati. Ule ukumbi wa Angkor Wat wenye mchoro wa miungu na mashetani wakivutana nyoka kuikoroga bahari ya maziwa, karibu mita 50 za ukuta, sehemu ya madhara yake ilitokana na saruji ya ukarabati wa zamani iliyoziba njia ambazo wajenzi wa Kikhmer waliziacha ili maji ya paa yatoke. Ikabidi paa lifunguliwe upya, kazi ikaisha 2012. Kwa hiyo nikisema pampu ni hatari namaanisha, lakini siwezi kukudanganya kwamba mizani ya kila sababu imeshapimwa ikaisha.

Haya, mabarai, yaani yale mabwawa makubwa ya kale ya Wakhmer. Ukiangalia ramani ya Angkor utaona mistatili miwili mikubwa kushoto na kulia kwa Angkor Thom, lile jiji la kale lenye kuta. Ya magharibi ina karibu kilomita 8 kwa 2.1, ni ya karne ya 11, na mpaka leo ina maji. Ya mashariki ilijengwa na mfalme Yasovarman I mwishoni mwa karne ya 9, urefu wake kilomita 7 na nusu hivi, sasa hivi ni mashamba ya mpunga na vijiji, utalipita na tuktuk bila kujua uko ndani ya bwawa. Na kabla ya hayo kulikuwa na la mfalme Indravarman I kule Roluos. Hayakuchimbwa kama shimo, walipandisha matuta juu ya ardhi wakayazuia maji katikati, na ardhi yote ina mteremko mdogo mno kutoka Kulen kwenda ziwa Tonle Sap, kwa hiyo kosa dogo tu la kimo na maji yanagoma kwenda. Walifanya haya bila vifaa vyetu vya kupimia na yakafanya kazi karne kadhaa.

Sasa yalikuwa ya nini? Hapa ndo patamu. Mwanaakiolojia Mfaransa Bernard-Philippe Groslier alisema ni ya umwagiliaji, akaiita Angkor jiji la maji, kwamba ufalme wote ulikula kwa sababu ya mabarai. Akatokea Mholanzi W. J. van Liere mwaka 1980, mhandisi wa maji, akauliza swali la kihandisi kabisa: milango ya kutolea maji iko wapi? Mifereji ya kuyagawa mashambani iko wapi? Akasema wakulima walikuwa wanalima kwa mvua na kwa maji ya mafuriko ya ziwa yakirudi nyuma, na mabarai yalikuwa ya miungu. Watu wakagawanyika miaka na miaka. Baadaye ramani mpya zikachorwa, halafu ndege zikapita na mitambo ya laida, inayopima sura ya ardhi kwa miale ya leza, mwaka 2012 na 2015, ikaonekana mifereji, matuta na njia za maji kwenye eneo la kilomita za mraba kama 1,000. Pale Krol Romeas, mwisho wa mashariki wa barai ya mashariki, kuna kuta za laterite za njia kubwa ya maji, nenda uzione, hakuna mtalii hata mmoja.

Mimi nadhani Groslier alikuwa sahihi kuliko tulivyokubali wakati ule, lakini sio kama alivyodhani yeye. Nikiangalia kama mtu wa maji, naona bima. Mwaka wa mvua nzuri mkulima hahitaji barai. Mwaka ambao mvua inakatika katikati mpunga ukiwa umeshapandikizwa, hapo maji ya wiki chache yanaokoa mavuno. Na bwawa la mfalme lenye hekalu katikati linaweza kuwa la mungu na la mpunga kwa pamoja, sijui kwa nini tunalazimisha kuchagua. Ila kiasi gani cha mpunga kilitegemea maji hayo, anayekupa namba kamili anakisia.

Na kilichoivunja ni maji hayohayo. Pete za miti ya zamani kutoka milima ya Vietnam zinaonyesha ukame wa miongo katikati ya karne ya 14 na tena mwanzoni mwa karne ya 15, na katikati yake monsuni kali za ghafla. Mfumo ulishazoeshwa uhaba, likashuka gharika. Nenda Spean Thma, daraja la zamani karibu na hekalu la Ta Keo, upande wa Angkor Thom. Mto Siem Reap, ambao wao wenyewe waliuchepusha, umechimba chini mita kadhaa na kulikwepa daraja, limebaki pembeni kama halihusiki. Madereva wanapita hapo bila kusimama, mwambie asimame. Kiangazi mto ni kijito na huelewi kitu. Septemba unaona maji ya kahawia yanavyosukuma, na huhitaji mtu kukueleza mafuriko yanafanyaje. Jeshi la Ayutthaya, ufalme wa Thailand ya leo, nalo lilikuja 1431, sikatai, ila vitabu vingi vinaanzia hapo na kuishia hapo.

Kwa hiyo ukienda msimu wa mvua, mpangilio wangu uko hivi. Neak Pean, hekalu la mfalme Jayavarman VII kwenye kisiwa katikati ya barai ya kaskazini, bwawa moja la kati na manne madogo pembeni yakipokea maji kupitia vinywa vya mtu, simba, farasi na tembo. Barai hiyo ilikaa kavu karne nyingi, APSARA, mamlaka inayosimamia Angkor, ikairudishia maji, sasa unavuka kwa daraja la mbao. Kbal Spean na juu ya Kulen, ambako Jayavarman II alijitangaza mfalme mwaka 802, kuna linga, alama za mungu Shiva, zimechongwa kwenye sakafu ya mto ili maji yapite juu yake yatakaswe kabla ya kushuka mjini. Machi unakuta mawe yenye vichuguu na majani makavu. Mahekalu ya Ta Prohm na Beng Mealea nenda mara mvua inapokata, kuvu la kijani limewaka. Hekalu la Banteay Srei, la 967, asubuhi mapema, jiwe lake la waridi likiwa na unyevu michoro inasomeka vizuri sana.

Ziwa nalo. Mto Mekong ukijaa inausukuma mto Tonle Sap urudi nyuma, ziwa linatanuka kutoka kilomita za mraba kama 2,500 mpaka karibu 15,000 mwaka mzuri. Kijiji cha Kampong Phluk nyumba ziko juu ya nguzo ndefu. Aprili unatembea chini yake kwenye vumbi, Oktoba unapita kwa mtumbwi katikati ya matawi ya miti. Tahadhari ni moja: siku hizi haliaminiki. Mwaka 2019 na 2020 maji yalichelewa sana, mvua haba huku mabwawa ya umeme yakizidi juu ya Mekong, kwa hiyo anayekuahidi msitu wa maji mwezi wa Agosti usimwamini, subiri mwishoni mwa Septemba.

Na mvua ina siku zake mbaya kweli. Mwaka 2011 mafuriko yaliingia mjini Siem Reap na watalii wakatolewa Banteay Srei kwa helikopta. Baada ya hapo ndo APSARA wakazidi kufufua mifereji ya kale na mahandaki ili yapokee maji ya ziada, kazi nzuri ambayo haiingii kwenye picha za mtu yeyote.

Sababu moja tu ya kweli ya kwenda kiangazi ni ndege. Prek Toal, pale ziwani, korongo na wari wanajazana maji yakipungua, Januari mpaka Machi. Kama umekuja kwa ajili ya ndege, nenda Februari na sina neno.

Tiketi chukua ya siku tatu, dola 62, unaitumia ndani ya siku kumi, kwa hiyo siku ikiwa na mvua ya kutwa unakaa hotelini hujapoteza kitu. Ya siku moja ni dola 37, na kwa siku moja barai hutoiona hata ukingo. Kulen inalipiwa pembeni, haimo humo, na ukiwa huko usitoke kwenye njia iliyokanyagwa hata kwa kujisaidia, mabomu ya ardhini ya wakati wa vita hayajaisha yote.

Ukiwa na maswali ya mwezi gani, niambie kwanza unataka kuona nini.